Tahadhari ya dhoruba itolewe jioni: barua ya wazi kwa kamati za maafa za Bukoba na Muleba

Kwa: Kamati za Usimamizi wa Maafa, Mkoa wa Kagera na Wilaya za Bukoba na Muleba
Nakala: Wenyeviti wa vijiji na mitaa, viongozi wa mialo, wakuu wa shule
Yah: Kinga dhidi ya dhoruba za mwisho wa kiangazi na za vuli

Kiangazi cha Bukoba na Muleba hakikauki kama cha Dodoma au Shinyanga. Kati ya Juni na Agosti mvua hupungua, nyasi za rweya (uwanda wazi wa nyasi) hugeuka rangi na vumbi huonekana barabarani, lakini ngurumo hazipotei kabisa. Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachouweka miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo mazito. Vuli nayo huanza hapa mapema kuliko katika mikoa mingi, kwa kawaida mwezi Septemba, na kuendelea hadi Desemba. Miezi ya maandalizi basi ni michache, na dhoruba za kwanza za vuli hukuta mabati yaliyolegea misumari, mifereji iliyojaa taka na migomba iliyobeba mikungu.

Dhoruba za ukanda huu hazifanani na tufani za Bahari ya Hindi. Tufani yenye jina, kama Hidaya iliyofika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, hufuatiliwa kwa siku kadhaa kabla haijagusa nchi kavu. Dhoruba ya Ziwa Victoria huzaliwa, hukomaa na kufa ndani ya saa chache. Inaweza kuipiga Kemondo na kuiacha Kamachumu kavu. Utabiri wa siku tano unaweza kusema kwamba Kagera itapata mvua kubwa na upepo mkali, lakini hauwezi kutaja mwalo wala kijiji. Pamoja na hayo, dhoruba hizi zina ratiba, na ratiba hiyo ndiyo msingi wa kila pendekezo lililomo katika barua hii.

Mchana jua hupasha nchi kavu joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya vilima na vibanja vya migomba hupanda, upepo wa ziwani huingia kushika nafasi yake, mawingu hujengeka bara na mvua hunyesha alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, wakati ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 hubaki na joto lake. Hewa iliyopoa huteremka kutoka pande zote, Tanzania, Uganda na Kenya, hukutana juu ya maji, na kwa kuwa haina pa kwenda, hupanda ikiwa imebeba mvuke mwingi. Mawingu ya radi hukomaa kuanzia usiku wa manane. Pepo za juu, ambazo katika ukanda huu huvuma zaidi kutoka mashariki, huyasukuma kuelekea magharibi, na magharibi ndiko ziliko Bukoba, Muleba na visiwa vyake. Safu za vilima zinazokwenda sambamba na ufuko huinua tena hewa hiyo na kuikamua maji yake. Kwa sababu hiyo mvua nyingi za Bukoba hushuka alfajiri na asubuhi, na kwa sababu hiyo hiyo Karagwe, iliyo nyuma ya vilima hivyo, hupata mvua kidogo zaidi.

Utafiti wa Wim Thiery na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha uhusiano kati ya nusu hizo mbili za siku, mchana na usiku. Mvua iliyonyesha nchi kavu mchana huchangia kuamua kama usiku utaleta dhoruba kali ziwani. Watafiti hao walionyesha pia kwamba, dunia ikiendelea kupata joto kwa kiwango kikubwa, mvua za kupindukia juu ya ziwa zitaongezeka karibu mara mbili ya ongezeko la nchi kavu inayolizunguka. Kwa kamati za maafa, matokeo hayo yana maana moja ya kiutendaji. Ifikapo jioni, sehemu kubwa ya dalili za usiku unaokuja tayari zimeonekana kwenye satelaiti na rada, na uamuzi wa kuzuia au kuruhusu safari unaweza kufanywa kabla mtumbwi haujasukumwa majini.

Wanaoumizwa zaidi na ratiba hiyo ni wavuvi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani za karabai na sasa za sola, na msimu wake ni siku za giza, mwezi unapokuwa haupo angani. Wavuvi wa Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na Mazinga hutoka jioni na kurudi asubuhi, kwa hiyo wako majini katika saa zile zile dhoruba zinapokomaa na kusafiri kuelekea kwao. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa ziwa zima ni vifo vya wavuvi 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka. Hata kama idadi halisi ni ndogo kuliko hiyo, hakuna kazi nyingine katika ukanda huu inayopoteza watu kimya kimya namna hiyo, mmoja mmoja na wawili wawili, bila taarifa kufika gazetini.

Upepo unaotangulia dhoruba hufika ghafla. Mvua nzito inaposhuka, huvuta hewa baridi kutoka juu, na hewa hiyo ikigusa maji husambaa kwa nguvu mbele ya mvua yenyewe. Mawimbi mafupi yenye kufuatana kwa karibu huujaza mtumbwi kabla wavuvi hawajamaliza kuvuta nyavu. Dalili zinazotangulia zinajulikana: wingu jeusi lenye ukingo uliojikunja kama zulia, baridi ya ghafla baada ya fukuto, upepo unaobadili mwelekeo, na umeme unaomulika upande wa mashariki. Mtumbwi unaoziona dalili hizo unapaswa kuelekea nchi kavu au kisiwa kilicho karibu, si kusubiri nyavu zijae. Ukikamatwa katikati, omo ishikwe iyakabili mawimbi kwa pembe, mzigo ushushwe chini au utupwe, watu waketi sakafuni, na kila mmoja awe amevaa jaketi okozi tangu alipoondoka mwaloni. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu, kwa sababu mtumbwi ukipinduka hakuna muda wa kulivaa.

Abiria wa mitumbwi ya injini kati ya visiwa na bara wako katika hali ile ile, na kwao uzito huongeza hatari. MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ambapo zaidi ya watu 800 walikufa, haikuangushwa na tufani. Ilibeba kupita kiasi na haikuwa na uthabiti. Chombo kilichozidiwa huweza kuzama maji yakiwa tulivu. Kikikutana na dhoruba ya alfajiri hakina nafasi yoyote. Kuhesabu abiria na kuangalia anga ni kazi mbili zinazopaswa kufanywa na mtu yule yule, mahali pale pale, kabla ya kamba kufunguliwa.

Ajali ya ndege ya Precision Air tarehe 6 Novemba 2022 ilitokea katika saa hizo hizo za hatari. Ndege hiyo, ATR 42-500 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, iliangukia ziwani muda mfupi kabla ya saa 3 asubuhi ilipokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba katika mvua na hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki na 24 walinusurika. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, wakitumia mitumbwi yao na nguvu za mikono. Tukio hilo liliweka wazi jambo ambalo kamati yoyote ya maafa ya mwambao inapaswa kuliweka kwenye mpango wake: katika nusu saa ya kwanza, kikosi cha uokoaji cha Bukoba na Muleba ni wavuvi wenyewe. Kuwafundisha na kuwapa vifaa ni kuimarisha kikosi ambacho tayari kipo.

Nchi kavu, hatari ya kwanza ni radi, na shule ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Katika mkoa jirani wa Geita, wanafunzi sita wa shule ya Emaco Vision walikufa kwa radi Oktoba 2018. Tarehe 27 Januari 2025 wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, walikufa na wengine zaidi ya 80 kujeruhiwa. Nchini Uganda, radi iliipiga shule ya msingi Runyanya wilayani Kiryandongo Juni 2011 na kuua watoto 18. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi barani Afrika, na shule nyingi za Bukoba na Muleba zimejengwa vileleni, kwenye rweya, mbali na miti na nyumba nyingine. Jengo lililo peke yake kwenye kilele ndilo kitu kirefu kuliko vyote mahali hapo.

Darasa lenye kuta za tofali na paa la bati, bila waya wa kuushusha umeme ardhini, halimkingi mwanafunzi. Umeme ukilipiga paa huruka kutoka kwenye bati kwenda kwenye ukuta, dirisha la chuma, dawati la chuma au mwili wa mtu, kisha husambaa sakafuni. Hii ndiyo sababu radi moja huwaangusha watoto wengi kwa pamoja. Kizuia radi kilichowekwa vizuri kina sehemu tatu: ncha ya chuma juu ya paa, nyaya nene zinazoteremka nje ya ukuta bila kona kali, na fimbo zilizozamishwa ardhini hadi kwenye udongo wenye unyevu. Sehemu ya tatu ndiyo husahaulika, na nyaya za shaba ndizo huibwa. Mfumo uliokatwa waya huukaribisha umeme juu ya paa na kuunyima njia ya kwenda chini. Kwa hiyo ukaguzi wa kila mwaka ni sehemu ya kinga yenyewe.

Kwa mtu aliye nje, sheria za radi ni chache. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ikiwa kati ya mmweko na ngurumo zinapita sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na shughuli za nje zinapaswa kusimama. Zinaweza kuendelea dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mahali salama ni jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba yaliyounganishwa na ardhi, au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa. Mti ulio peke yake, kibanda cha nyasi, kituo cha bodaboda, goli la uwanja wa mpira na ufuko wa ziwa si mahali pa kujisitiri. Ndani ya nyumba, mtu akae mbali na mlango, ukuta wa nje, waya wa televisheni na simu iliyo kwenye chaji.

Msimu wa senene unastahili kutajwa peke yake. Senene huja na mvua, hasa Novemba, na watu wengi hukaa nje usiku kuwategea kwa taa kali na mabati yaliyosimamishwa, mara nyingi mahali palipoinuka. Chuma kilichosimama, nyaya za umeme zilizolowa na kilele kisicho na kinga vinakutana hapo kwa wakati mmoja. Wanaotega wanapaswa kuondoka kwenye mabati mara ngurumo ya kwanza inaposikika.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, na kumgusa hakuna madhara. Wengi hufa kwa sababu moyo na pumzi vimesimama, na wengine huweza kurudishwa kwa kukandamizwa kifua bila kuchelewa, kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Imani kwamba radi hutumwa na jirani mwenye kijicho huchelewesha huduma hiyo na kuleta kisasi mahali palipopaswa kuwa na fimbo ya shaba. Viongozi wa dini na wazee wa vijiji wanasikilizwa katika jambo hili kuliko ofisa yeyote, na kamati zinapaswa kuwatumia.

Hatari ya pili nchi kavu ni upepo na mvua ya mawe. Paa huondoka pale upepo unapoingia chini ya kipenu na kulisukuma juu huku upepo unaopita juu yake ukilivuta. Kinga ni uzi usiokatika kutoka bati hadi msingi: bati la geji nene, misumari yenye kofia iliyopigwa kila papi, kenchi zilizofungwa kwenye linta kwa bamba au nondo iliyoachwa tangu ukuta unapojengwa, na kipenu kifupi. Mawe yanayowekwa juu ya bati hayalishikilii katika upepo mkali, na yakianguka huua. Miti ya kukinga upepo, kama migravilea, ipandwe umbali unaozidi urefu wake kutoka kwenye jengo. Shambani, mgomba wenye mkungu uegemezwe kwa mti imara, matandazo yahifadhi udongo, na migomba isiachwe na machipukizi mengi yanayodhoofisha shina. Kibanja kilicholazwa na upepo wakati wa vuli humaanisha upungufu wa ndizi nyumbani kwa miezi mingi, kwa hiyo tathmini ya maafa inapaswa kuhesabu migomba pamoja na mapaa.

Hatari ya tatu ni maji. Mto Kanoni unapita katikati ya mji wa Bukoba kabla ya kuingia ziwani, ukipokea mvua ya vilima vinavyouzunguka mji kwa muda mfupi sana. Mvua kubwa ya asubuhi huujaza ndani ya saa chache, na ziwa likiwa juu, mto hukosa mteremko wa kumwaga maji yake. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kina kilichozidi rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Nyumba zilizo kwenye tambarare ya mto na karibu na mdomo wake hazina tena pengo la usalama lililokuwapo wakati zinajengwa. Anayevuka kwa miguu asiingie kwenye maji yaendayo kasi yaliyofika magoti, na dereva asipitishe gari pale asipouona ukingo wa barabara. Mifereji na makalavati yazibuliwe Agosti, kabla ya mvua, na taka zisiachwe kando yake kwa sababu mvua ya kwanza huzirudisha ndani.

Taarifa rasmi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 2 ya mwaka 2019. Taarifa zake za hali mbaya ya hewa zina ngazi tatu za onyo: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kati ya 2017 na 2021 mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa ufadhili wa Uingereza, uliwezesha utabiri wa Ziwa Victoria kutolewa kwa maeneo ya ziwa, kwa lugha na alama ambazo mvuvi anazielewa. Elimu ipo, rada ipo Mwanza, na taarifa huandikwa. Pengo liko kwenye kilomita za mwisho, kutoka ofisini hadi mwaloni. Kwenye visiwa ambako simu haishiki vizuri, na katika nyumba ambazo betri imeisha, taarifa iliyotumwa haijawa taarifa iliyopokelewa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati kutoka ngazi ya taifa hadi kijiji. Chombo cha kuliziba pengo hilo basi kipo kisheria. Kamati za Mkoa wa Kagera na za Wilaya za Bukoba na Muleba zinaombwa kutekeleza yafuatayo kabla ya Septemba:

1. Kila mwalo uwe na mtu mmoja aliyeteuliwa kupokea utabiri wa ziwa na kutangaza uamuzi ifikapo saa 11 jioni: safari ziruhusiwe, zipunguzwe au zisimame. Bendera ya njano kwa angalizo, ya rangi ya chungwa kwa tahadhari na nyekundu kwa tahadhari kubwa ipandishwe mahali panapoonekana kutoka majini.

2. Visiwa vya Muleba vipewe redio ya upepo na kipaza sauti cha sola, na redio za mkoa zisome utabiri wa ziwa kwa wakati maalumu kila jioni, kwa Kiswahili na kwa Kihaya.

3. Chombo chochote kisiondoke mwaloni bila jaketi okozi kwa kila aliyemo, na orodha ya majina ibaki nchi kavu.

4. Shule zilizo vileleni zipewe kipaumbele cha vizuia radi, na zile zilizo navyo zikaguliwe nyaya na fimbo za ardhini kila Agosti. Wakuu wa shule wawe na mamlaka ya kuchelewesha kengele ya asubuhi ngurumo zinapokuwa karibu, ili watoto wasikutwe njiani.

5. Mapaa ya shule, zahanati na masoko yakaguliwe wakati wa kiangazi na fundi anayeandika alichokiona.

6. Mto Kanoni na mifereji ya mji isafishwe kabla ya vuli, na kibali kipya cha ujenzi kisitolewe kwenye tambarare ya mto.

7. Wavuvi wafundishwe uokoaji na huduma ya kwanza kila mwalo, na vifaa, mafuta na kamba viwekwe tayari mahali panapojulikana. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ibandikwe kwenye kila mwalo na kila shule.

Sehemu kubwa ya mambo hayo inahitaji utaratibu zaidi kuliko fedha. Ghali zaidi ni vizuia radi vya shule, na hivyo vinaweza kuingizwa katika bajeti za halmashauri kwa awamu, kuanzia shule zilizo wazi zaidi. Uamuzi wa jioni mwaloni hauna gharama ya kungojewa. Dhoruba za msimu ujao zitakuja kutoka mashariki, usiku, zikielekea Bukoba na Muleba kama kawaida yake. Kamati zinaombwa zikutane sasa, wakati wa kiangazi, na kumteua kila mpandisha bendera kwa jina.